Poly Styrene: Binti wa Msomali aliyejiita plastiki na kuutikisa muziki wa Uingereza

MWAKA wa 1978, wakati wasichana wa muziki nchini Uingereza walitarajiwa kuwa na nywele laini, sauti nyororo na tabasamu la kuipendeza kamera, televisheni za nchi hiyo zilianza kumwonyesha mwanadada wa miaka 20 ambaye hakuwa na lolote kati ya hayo. Alivalia nguo za rangi za kuumiza macho, vyuma vya kunyosha meno vikimeremeta kinywani, na sauti yake ilipasua hewa mithili ya king'ora.

Alijiita Poly Styrene. Wazazi wake walikuwa wamempa jina Marianne Joan Elliott, na baadaye akatumia Elliott-Said. Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua hilo la mwisho bila kufikiri mara mbili: ni Said, jina la upande wa babake, aliyekuwa Msomali.

Kwa miaka mingi historia ya muziki wa panki imesimuliwa kana kwamba ilikuwa hasira ya vijana wa kiume wazungu tu. Majina yanayotajwa kwanza ni Johnny Rotten na Sid Vicious wa Sex Pistols, kisha Joe Strummer wa The Clash. Hakuna anayepinga mchango wao. Hata hivyo, aliyeyatabiri vizuri zaidi maisha ya leo ya maduka makubwa, matangazo na watu kujigeuza bidhaa alikuwa binti huyu wa Brixton, na hakuyatabiri kwa mbali. Aliyaona, akayaimba, kisha yakamwangukia mwenyewe.

Alizaliwa Julai 3, 1957, mjini Bromley, kusini mashariki mwa London. Mamake alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, mwenye asili ya Scotland na Ireland, na ndiye aliyemlea bila mume katika mtaa wa Brixton. Wakati huo sehemu ya kaskazini ya Somalia ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza, na kwa miongo kadhaa mabaharia wa Kisomali walikuwa wakipanda meli katika bandari za Berbera na Aden, wakiteremka Cardiff, Liverpool na London. Baadhi yao walioa huko. Watoto wao walikulia katika nchi iliyowauliza kila siku walikotoka.

Marianne alikuwa miongoni mwa watoto hao wa rangi mbili, au machotara kama walivyoitwa, neno lisilopendeza lakini lililotumika pasi na haya. Mtaani alionekana si mweusi vya kutosha wala si mweupe vya kutosha, na baadaye alieleza kwamba alichokozwa na pande zote mbili. Miaka ya sitini na sabini ilikuwa migumu kwa watoto wa aina hiyo. Mnamo 1968 mwanasiasa Enoch Powell alikuwa ametoa hotuba ya kuwachochea Waingereza dhidi ya wahamiaji, na kufikia katikati ya miaka ya sabini chama cha National Front kilikuwa kikiandamana mitaani kikitaka watu weusi na Waasia warudishwe walikotoka. Kwa mtoto aliyezaliwa Bromley, agizo la kurudi alikotoka lilikuwa kitendawili.

Akiwa na umri wa miaka 15 alitoroka nyumbani akiwa na pauni tatu mfukoni. Alizunguka nchi kwa kuomba lifti, akihama kutoka tamasha moja la muziki hadi jingine na kulala katika makazi ya mahipi, vijana wale wa nywele ndefu waliohubiri amani na kuyakataa maisha ya mjini. Safari hiyo ilikatizwa na jambo dogo. Alikanyaga msumari wenye kutu, damu ikaingia sumu, ikabidi atibiwe.

Kuna wanaoisimulia hadithi hii kama utundu wa ujana tu. Lakini ndani yake mna jambo litakalojirudia maishani mwake mwote: kila alipoona mahali hapamfai, aliondoka, hata kama hakujua anakokwenda.

Mwaka wa 1976 alirekodi wimbo wa mtindo wa rege, Silly Billy, kwa jina la Mari Elliott. Haukufika popote. Mwaka huohuo, siku alipotimiza miaka 19, alienda kuona bendi isiyojulikana sana ikitumbuiza katika gati la starehe mjini Hastings, pwani ya kusini mwa Uingereza. Bendi hiyo ilikuwa Sex Pistols. Ukumbini mlikuwa na watu wachache, wanamuziki hawakuwa mabingwa wa ala zao, na jambo hilo hilo ndilo lililomshika. Iwapo hawa wanaweza, alijiambia, basi hata yeye anaweza.

Hapa inafaa kueleza panki ilikuwa nini, maana wasomaji wengi hulijua neno hilo kama mtindo wa kunyoa nywele unaoacha shungi katikati ya kichwa. Kinyozi alilipata neno hilo kutoka kwa muziki. Kufikia mwaka wa 1975, roki ya Uingereza ilikuwa imekuwa mali ya matajiri: bendi zilizosafiri kwa ndege za kukodi, nyimbo za dakika ishirini, na wapiga gita waliohitaji miaka mingi ya mazoezi kabla ya kuthubutu kupanda jukwaani. Nje ya kumbi hizo, viwanda vilikuwa vikifungwa, vijana waliotoka shuleni hawakupata kazi, na mwaka wa 1976 serikali ililazimika kuomba mkopo wa Shirika la Fedha Duniani, jambo ambalo taifa lililozoea kukopesha wengine liliona aibu kubwa.

Panki ilikuwa jibu la vijana hao. Nyimbo zilikuwa fupi na za kasi, zikapigwa na yeyote aliyeweza kushika gita, na nguo zikashonwa nyumbani au kubandikwa kwa pini. Kampuni za kurekodi ziliposita, vijana walichapisha santuri zao wenyewe. Mkondo uliofuata, ambao uliichanganya hasira hiyo na ala nyingine na ubunifu zaidi, ulipewa jina la wimbi jipya. Poly Styrene alisimama hasa mahali ambapo mikondo hiyo miwili ilikutana.

Baada ya onyesho la Hastings alitangaza katika magazeti ya muziki kwamba anatafuta vijana wa panki wa kuunda bendi. Waliojitokeza ni Jak Airport kwenye gita, Paul Dean kwenye gita la besi na B. P. Hurding kwenye ngoma. Wa tano alikuwa mwanafunzi wa shule aliyejiita Lora Logic, mpigaji wa saksafoni. Uamuzi wa kuiingiza saksafoni katika panki ulikuwa wa ajabu wakati huo. Ala hiyo ilihusishwa na jazi na dansi za watu wazima. Katika mikono ya Lora Logic iligeuka kelele ya pili, ikipokezana na sauti ya mwimbaji kama watu wawili wanaogombana dirishani.

Bendi ikaitwa X-Ray Spex. Jina hilo lilitokana na miwani ya bandia iliyotangazwa kwenye majarida ya vibonzo, ambayo watoto waliagiza kwa posta wakiamini wataweza kuona kupitia nguo na kuta. Hawakuona kitu. Ulikuwa ulaghai mdogo wa kibiashara uliowalenga watoto, na kwa Poly Styrene hiyo ilikuwa picha kamili ya dunia aliyotaka kuiimba.

Jina lake mwenyewe alilipata kwa njia iyo hiyo. Alifungua kitabu cha simu cha wafanyabiashara akitafuta neno lolote lenye harufu ya plastiki, akakutana na polistirini. Hiyo ni ile plastiki nyepesi nyeupe inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, na ambayo hutumiwa kutengeneza vikombe vya kutupwa. Alieleza kwamba mwanamuziki maarufu ni kitu cha aina hiyo hasa: hutengenezwa kwa gharama nafuu, hutumiwa, kisha hutupwa. Badala ya kungoja wafanyabiashara wamfanye bidhaa, alijibandika lebo mwenyewe.

Wakati huo alikuwa na kibanda katika soko la Beaufort, barabara ya King's Road jijini London, akiuza nguo na mapambo ya plastiki ya rangi kali. Alivaa mitumba, mavazi ya jeshi, mashati ya mifuko mikubwa na chochote kilichokwenda kinyume na fasheni. Vyuma vya meno, ambavyo msichana mwingine angevificha kwa kufumba mdomo mbele ya mpiga picha, yeye alivianika.

Mapema mwaka wa 1977 bendi ilianza kupiga katika klabu ya Roxy, eneo la Covent Garden, iliyokuwa makao ya panki. Onyesho lao moja la mapema lilirekodiwa na kutiwa katika santuri ya mkusanyiko iliyotoka mwaka huo, The Roxy London WC2. Ni bahati ambayo bendi nyingi hungoja miaka kuipata, na pia ni hatari, kwa kuwa walijulikana kabla ya kujuana.

Mnamo Septemba 1977 kampuni ya Virgin ilitoa wimbo wao wa kwanza, Oh Bondage Up Yours! Jina hilo ni tusi la mtaani linaloelekezwa kwa utumwa. Wimbo wenyewe huanza kwa utulivu, mwimbaji akitaja kwa sauti ya mtoto mtiifu mafundisho ya zamani ya Kiingereza yanayomtaka msichana akae kimya mbele ya watu, kisha ukimya huo unapasuka. Baadhi ya waliousikia walidhani unahusu uchafu wa chumbani, kwa sababu baadhi ya maduka ya panki yaliuza mavazi yenye mikanda na minyororo. Mwenyewe aliueleza tofauti. Aliwafikiria watumwa waliofungwa minyororo, akawafikiria wanawake waliodai haki ya kupiga kura na kujifunga kwa minyororo kwenye vyuma vya majengo ya serikali, kisha akamfikiria mnunuzi wa kisasa aliyefungwa na tamaa ya vitu. Kwake, minyororo hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja.

Wimbo huo haukuingia kabisa katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi. Hata hivyo ndio unaokumbukwa kuliko wote. Haukutiwa hata katika albamu yao ya kwanza ilipotolewa.

Lora Logic aliondolewa katika bendi muda mfupi baadaye na nafasi yake ikachukuliwa na Rudi Thomson. Katika masimulizi ya miaka ya karibuni tukio hili limeelezwa kama doa, kwani waliokuwa wasichana wawili mbele ya jukwaa la wanaume walibaki mmoja. Logic aliendelea kwa kuunda bendi yake ya Essential Logic, nayo ina wapenzi wake hadi leo.

Mwaka wa 1978 ndio uliokuwa kilele. Chini ya kampuni ya EMI, X-Ray Spex walitoa nyimbo tatu zilizopenya katika orodha ya Uingereza: The Day the World Turned Day-Glo ilifika nambari 23, Identity nambari 24, na Germfree Adolescents nambari 19. Albamu yenye jina la wimbo huo wa tatu ilitoka Novemba na kufika nambari 30. Produsa alikuwa Falcon Stuart, ambaye pia alikuwa meneja wa bendi. Walialikwa katika kipindi cha Top of the Pops cha BBC, mahali ambapo kila familia yenye televisheni ingewaona.

Maneno ya albamu hiyo ndiyo yaliyomtenga Poly Styrene na wenzake wa panki. Wengine waliimba dhidi ya malkia, polisi na wanasiasa. Yeye aliimba kuhusu mifuko ya plastiki, sabuni za kuua viini, vyakula vya kopo, nguo za nailoni, uhandisi wa chembe za urithi, na wapenzi wanaofanya kazi katika duka la Woolworths. Alieleza dunia ambamo kila kitu kinang'aa na hakuna kinachooza. Wala hakusimama juu ya kilima akihubiri. Katika nyimbo zake nyingi anayetamani vitu hivyo ni yeye mwenyewe, na ucheshi unatokana na hapo. Baadhi ya wahakiki wa wakati huo walimwona kama mcheshi wa kupita, tathmini ambayo ukiisoma leo unashangaa waliisikiliza albamu kwa masikio gani.

Identity, yaani utambulisho, ulikwenda ndani zaidi. Ni wimbo wa kijana anayejitazama kwenye kioo, kwenye televisheni na kwenye jarida, asijue ni yupi kati ya hao aliye yeye. Kwa mtoto wa Msomali na mzungu aliyeulizwa tangu utotoni yeye ni nani, swali hilo halikuwa la kubuni.

Aprili 30 mwaka huo huo wa 1978, maelfu ya watu waliandamana kwa miguu kutoka uwanja wa Trafalgar, katikati ya London, hadi bustani ya Victoria, mashariki mwa jiji, ili kupinga ubaguzi wa rangi na chama cha National Front. Tamasha hilo liliandaliwa na vuguvugu la Rock Against Racism, lililozaliwa mwaka wa 1976 baada ya mpiga gita maarufu Eric Clapton kutoa matamshi ya kibaguzi jukwaani mjini Birmingham. Kwa pamoja na muungano wa Anti-Nazi League walivuta umati uliokadiriwa kuwa watu zaidi ya 80,000.

The Clash walikuwepo, pia Steel Pulse, bendi ya rege ya Birmingham, na Tom Robinson. X-Ray Spex nao walipanda jukwaani, Poly Styrene akiwa amefunga kilemba kichwani. Chini ya kilemba hicho hakukuwa na nywele. Alikuwa amewahi kuwaambia waandishi kwamba siku watakapoanza kumwuza kama kipusa cha kutamaniwa na wanaume, atanyoa kichwa. Alikuwa ametimiza ahadi.

Mashabiki walikichukulia kitendo hicho kama ushujaa wa panki. Miaka mingi baadaye ndipo ilipofahamika kwamba kilikuwa pia ishara ya mtu anayelemewa. Mwaka huo bendi ilikuwa imekwenda New York kupiga katika klabu ya CBGB. Jiji lile la matangazo yanayomulika usiku kucha lilikuwa nyimbo zake zikiwa hai, na halikumchekesha. Ziara ziliendelea bila pumziko. Usiku mmoja baada ya onyesho mjini Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, aliona kupitia dirisha la hoteli mwanga wa waridi ukipita angani, akaamini kuwa ni chombo kutoka sayari nyingine, na kila alichokigusa alihisi kikitoa cheche.

Alilazwa hospitalini. Madaktari walisema ana skizofrenia, na akaambiwa hataweza kufanya kazi tena. Walikosea. Mnamo 1991 ilibainika kwamba alikuwa na baipola, maradhi yanayomrusha mtu katika furaha na shughuli zisizo na kipimo kisha kumzamisha katika huzuni nzito. Mtu anaweza kuyaishi maradhi hayo na kufanya kazi akipata matibabu yafaayo. Miaka kumi na mitatu hivi ilipita kati ya utambuzi wa kwanza na wa pili, na ndiyo iliyokuwa miaka ambayo mwanamuziki wa rika lake huvuna alichopanda.

Katikati ya mwaka wa 1979, baada ya wimbo wa Highly Inflammable kufika nambari 45 pekee, aliiacha bendi. X-Ray Spex ilikuwa imetoa albamu moja na nyimbo tano za santuri ndogo. BBC ilikuwa imetangaza mwaka huo makala ya televisheni yaliyouliza Poly Styrene ni nani. Swali hilo hata yeye hakuwa na jibu lake.

Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Translucence, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, iliwashangaza waliongoja king'ora. Ilikuwa tulivu, yenye filimbi na midundo ya jazi, na sauti aliyoitoa humo ni ya mtu anayenong'ona. Haikuuzwa. Sikio la leo linaweza kuipenda kuliko lile la wakati huo.

Aliolewa, na mwaka wa 1981 akajifungua binti, Celeste. Mwaka wa 1983 alijiunga na waumini wa Hare Krishna, tawi la dini ya Kihindu linalosisitiza kuimba jina la Mungu, kutokula nyama na kuishi kwa kiasi. Alihamia pamoja na mtoto katika makao yao ya Bhaktivedanta, shamba lililoko Hertfordshire ambalo George Harrison wa The Beatles aliwakabidhi waumini hao mwaka wa 1973. Wapo walioona uamuzi huo kama kuisaliti panki. Lakini ukizisikiliza tena nyimbo zake za mwaka wa 1978, ni vigumu kutoona kwamba mtu aliyechoshwa na plastiki kiasi kile angetafuta siku moja mahali pasipouzwa kitu.

Utulivu huo haukuwa kamili. Maradhi yalimrudia mara kwa mara, malezi yakawa mazito, na hatimaye Celeste akaenda kuishi kwa nyanyake. Binti huyo amesimulia waziwazi akiwa mtu mzima kwamba alikua akimpenda na kumkasirikia mamake kwa wakati mmoja. Wale wanaopenda kumgeuza Poly Styrene sanamu ya shujaa asiye na dosari wangefaa kumsikiliza.

Muziki haukumwacha kabisa. Mwaka wa 1986 alitoa santuri fupi ya Gods and Goddesses. Mwaka wa 1991 X-Ray Spex walikutana tena kwa onyesho katika ukumbi wa Brixton Academy, mtaani kwao, na mwaka wa 1995 wakatoa albamu ya pili, Conscious Consumer, Lora Logic akiwa amerejea na saksafoni yake. Ingekuwa mwanzo mpya, lakini muda mfupi baadaye Poly Styrene aligongwa na gari la wazima moto jijini London na kuumia vibaya. Mipango ya kuitangaza albamu ikafa.

Huku yeye akiuguza majeraha, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki wasichana walikuwa wakimgundua. Vuguvugu la riot grrrl, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya tisini katika jimbo la Washington na jijini Washington DC nchini Marekani, lilimtaja kama mama. Kathleen Hanna wa bendi ya Bikini Kill ni mmoja wa waliokiri deni hilo hadharani. Neneh Cherry, mwimbaji wa Uswidi mwenye asili ya Sierra Leone, naye ameeleza maana ya kumwona msichana wa rangi yake mbele ya bendi ya panki. Kabla ya hapo, binti mweusi aliyeipenda panki alilazimika kuipenda akiwa mgeni.

Mnamo Septemba 2008 alirejea jukwaani katika ukumbi wa Roundhouse, London, akaimba albamu ya mwaka wa 1978 mbele ya ukumbi uliojaa. Wakati huo alikuwa akiishi St Leonards, mji wa pwani unaopakana na Hastings kwenye gati lile alikowaona Sex Pistols.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa albamu ya Generation Indigo, iliyoandaliwa na produsa Martin Glover, maarufu kama Youth. Nyimbo zake zilizungumzia mapenzi ya intaneti, vita, ubaguzi na, kama kawaida, viatu na nguo za dukani. Sauti ilikuwa imepoa kidogo lakini mzaha ulikuwa ule ule. Akiwa katika maandalizi ya kuitoa, aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti iliyokuwa imeenea hadi uti wa mgongo na mapafu. Alifanya mahojiano akiwa mgonjwa, akizungumza zaidi kuhusu nyimbo kuliko maradhi.

Albamu ilitoka nchini Uingereza Machi 28, 2011. Alifariki Aprili 25, akiwa na umri wa miaka 53.

Aliacha nyuma maboksi ya shajara, michoro, nguo na maneno ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono. Celeste alikaa miaka kadhaa kabla ya kuyafungua. Yaliyokuwamo yalizaa kitabu alichoandika pamoja na Zoë Howe, kilichochapishwa mwaka wa 2019, na filamu ya Poly Styrene: I Am a Cliché aliyoiongoza pamoja na Paul Sng, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2021 na kushinda tuzo ya makala bora katika tuzo za filamu huru za Uingereza. Katika filamu hiyo shajara za marehemu zinasomwa na mwigizaji Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa aliyelelewa Ireland, naye pia mtoto wa Mwafrika na mzungu.